Barafu iliyoshindiliwa: kwa nini mtetemo wa O–H unapanda badala ya kushuka?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma kuhusu aina za barafu zinazopatikana chini ya kanieneo kubwa, na kuna jambo moja linalonikwamisha kiasi kwamba siwezi kuendelea mbele kabla sijalielewa.

Tunafundishwa kwamba kifungo cha haidrojeni kinapokuwa imara, masafa ya mtetemo wa O–H, yaani wa kifungo cha oksijeni na haidrojeni ndani ya molekuli ya maji, hushuka. Molekuli ya maji iliyo peke yake katika mvuke hutetema kwa 3,657 na 3,756 kwa sentimita (idadi ya mawimbi katika sentimita moja, kipimo cha masafa), lakini katika barafu ya kawaida, yaani barafu Ih, kilele kikubwa cha spektra ya Raman, yaani ya mwanga unaotawanywa na sampuli, kwenye baridi ya naitrojeni kimiminika kipo karibu na 3,085. Sababu inayotolewa naiona ni ya haki: oksijeni ya molekuli jirani huivutia haidrojeni upande wake, O–H inalegea, na chochote kilicholegea hutetema polepole zaidi.

Kwa mantiki hiyo nilitarajia kwamba barafu iliyoshindiliwa, ambayo molekuli zake zimesongamana zaidi, itakuwa na vifungo vifupi na imara zaidi, na kwa hiyo masafa ya chini zaidi. Ninachokuta ni kinyume chake. Barafu II (namba za Kirumi hutaja aina za fuwele za barafu) ina densiti ya takribani gramu 1.17 kwa sentimita ya ujazo, ikilinganishwa na 0.93 ya barafu Ih katika baridi hiyohiyo, lakini masafa yake ya O–H yako juu zaidi. Barafu VIII, ambayo densiti yake inakaribia 1.5, imepanda hadi kupita 3,300. Hata barafu ya amofasi nzito, ambayo si fuwele kabisa, nayo imepanda. Je, kanuni tuliyofundishwa ina kasoro, au mimi ndiye ninayeitumia vibaya?

Swali langu la pili linahusu hiyo hiyo barafu ya amofasi: je, ni fuwele iliyosagika tu kwa kukandamizwa, au ni maji kimiminika yaliyogandishwa kabla hayajapata nafasi ya kujipanga?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, kanuni ni sahihi. Kinachopotosha ni dhana moja ndogo iliyojificha katikati ya hoja yako, kwamba densiti ikiongezeka ni lazima vifungo vya haidrojeni vifupike. Katika barafu mambo hayaendi hivyo, na nadhani hapa ndipo somo zima la barafu za kanieneo kubwa lilipo.

Tazama kwanza barafu Ih kwa karibu. Kila oksijeni ina majirani wanne, waliokaa kwenye pembe za tetrahedroni, yaani piramidi yenye nyuso nne, na umbali kutoka oksijeni hadi oksijeni ni angstromu 2.76 hivi (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Baada ya hao wanne hakuna mtu hadi ufike angstromu 4.5. Hiyo ni nyumba yenye ukumbi mkubwa mtupu katikati. Ukitaka kuongeza densiti una njia mbili: kufupisha nguzo, au kuujaza ukumbi. Kufupisha nguzo ni kazi ngumu mno, kwa sababu oksijeni mbili zilizokwisha kukaribiana kiasi hicho husukumana kwa nguvu. Kuujaza ukumbi ni rahisi zaidi, maana kinachohitajika ni kuzipinda pembe tu.

Barafu II imefanya hivyo hasa. Kila molekuli bado ina vifungo vinne, na urefu wake ni kati ya angstromu 2.75 na 2.84, kwa hiyo hakuna hata kimoja kilichofupika kwa maana ya kuhesabika, na vingine vimerefuka. Lakini pembe kati ya oksijeni tatu zinazofuatana, ambazo katika Ih ni karibu digrii 109.5 zote, sasa zimetawanyika kuanzia kama digrii 80 hadi 129. Kwa kupindika huko, molekuli ambayo haina kifungo na jirani yake imeingia hadi angstromu 3.24. Densiti imepanda kwa zaidi ya robo, ilhali kifungo chenyewe kimedhoofika kidogo, kwa kuwa kimerefuka na kupinda. Mtetemo wa O–H haujali ni molekuli ngapi zimo ndani ya sentimita ya ujazo. Unajali jinsi oksijeni iliyo mbele yake inavyoivuta haidrojeni.

Barafu VII na VIII zimekwenda mbali zaidi. Ndani yake kuna nyavu mbili kamili, kila moja ikiwa imepangwa kama almasi, na moja imeingia ndani ya nyumba ya mwenzake bila kifungo chochote kuziunganisha. Kila oksijeni imezungukwa na nane nyingine zilizo karibu sawa kwa umbali, lakini imeshikana na nne tu, na hizo nne nyingine ni za wavu wa pili. Ili nyavu mbili zitoshe mahali palipokuwa pa mmoja, kila wavu umelazimika kutanuka, na ndiyo maana barafu VIII ikitolewa kwenye kanieneo huku ikiwa bado kwenye baridi kali, vifungo vyake vina urefu wa karibu angstromu 2.9 au zaidi. Ukiyaangalia hayo, utaona kwamba 3,300 na ushei ni mahali pake halali kabisa.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila ningependa kuongeza tahadhari kuhusu namba zenyewe, kwa sababu muulizaji analinganisha vilele ambavyo si vya kitu kimoja.

Kile kilele cha 3,085 cha barafu Ih si mtetemo wa O–H moja. Molekuli zote zinazofanana hutetema kwa masafa yaleyale, na kwa hiyo hushikana mikono: jirani akianza, mwenzake hufuata, na mtetemo huenea katika fuwele nzima. Kilele hicho ni cha molekuli nyingi zinazotetema pamoja kwa hatua moja, na sehemu ya kushuka kwake inatokana na ushirikiano huo, wala si uimara wa kifungo peke yake. Ukitaka kujua kifungo kimoja kinasema nini, lazima ukitenge.

Namna ya kukitenga inanipendeza kila mara ninapoifikiria. Unachukua maji ya kawaida na kuyachanganya na maji mazito kidogo tu, asilimia chache. Atomi za deuteri, yaani haidrojeni nzito ya maji hayo, hutawanyika, na karibu kila moja hujikuta katika molekuli ya HDO iliyozungukwa na H₂O pande zote. Kwa kuwa deuteri ni nzito maradufu, O–D hutetema karibu na 2,420 katika barafu Ih yenye baridi, mbali kabisa na O–H za majirani, na hivyo hakuna anayeweza kuitikia wito wake. Inabaki peke yake katikati ya umati, na inakupa taarifa ya mahali pake tu. Upande wa pili, O–H moja iliyotengwa ndani ya maji mazito hutokea karibu na 3,270, siyo 3,085. Tofauti hiyo ya takribani 185 ndiyo gharama ya ushirikiano.

Bertie na Whalley walifanya kazi ya namna hii huko Ottawa, Kanada, katika miaka ya 1960, wakitumia barafu zilizotengenezwa chini ya kanieneo kisha zikahifadhiwa katika naitrojeni kimiminika. Ukilinganisha barafu kwa O–D iliyotengwa, mpangilio unabaki uleule ulioelezwa na mwenzangu: Ih iko chini, II iko juu yake. Lakini utaona jambo jingine ambalo densiti haikuambii. Barafu II hutoa mistari ya O–D myembamba iliyotengana, ilhali Ih, ingawa muundo wake ni rahisi zaidi, hutoa bendi moja pana zaidi.

Sababu ni haidrojeni. Katika Ih, oksijeni zimepangwa vizuri lakini haidrojeni hazikupangwa. Kanuni walizotoa Bernal na Fowler mwaka 1933 zinadai mambo mawili tu: kila oksijeni iwe na haidrojeni mbili za karibu, na kila kifungo kiwe na haidrojeni moja. Njia za kutimiza masharti hayo ni nyingi mno, na Pauling alizihesabu mwaka 1935 akapata kwamba barafu inapaswa kubaki na entropia, yaani kipimo cha kutojipanga, ya jouli 3.37 kwa moli kwa kelvini hata karibu na sifuri kamili. Vipimo vya Giauque na Stout mwaka uliofuata vilikubaliana naye. Kwa hiyo O–D mbili ndani ya Ih, hata zikiwa na umbali uleule kimsingi, hazina ujirani uleule, na kila moja hutetema kwa namna yake. Barafu II imezipanga haidrojeni zake zote. Ina aina nne tu za O–H, basi, na spektra inazionyesha bila ukungu. VII na VIII ni jozi ya namna hiyohiyo: oksijeni zimekaa karibu sawa, ila VII haikupanga haidrojeni na VIII imezipanga.

Kwa kifupi, mahali pa kilele panakuambia nguvu ya kifungo, na upana wake unakuambia utaratibu. Usivichanganye.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Mfano wa ukumbi mtupu umenifungua macho. Lakini hapo hapo limezuka jambo jingine. Mmezungumzia barafu iliyokwisha kutolewa kwenye kanieneo. Nikipima ikiwa bado imebanwa, je, vifungo havifupiki kamwe?

Jibu la tatu

Vinafupika, tena ni swali lililokuja mahali pake, kwa kuwa majibu mawili ya kwanza yangeweza kumfanya msomaji aamini kwamba kanieneo hudhoofisha vifungo siku zote. Sivyo.

Fikiria unachora mstari wa masafa ya O–H huku ukiongeza kanieneo taratibu. Ndani ya aina moja ya barafu, yaani kabla fuwele haijabadilika, oksijeni husogeleana kidogo kidogo na masafa hushuka, kama ulivyofundishwa. Halafu barafu inafika mahali haiwezi tena kuvumilia, inabadili muundo na kuwa aina nzito zaidi, vifungo vinapinda na kurefuka kwa mkupuo, na masafa yanaruka juu. Kisha yanaanza tena kushuka ndani ya muundo mpya. Mchoro mzima unafanana na meno ya msumeno. Kanuni yako inatawala kila mteremko, na maelezo ya mwenzangu yanatawala kila mruko.

Katika barafu VII mteremko ni mrefu ajabu, kwa sababu nyavu mbili zikishaingiliana hakuna tena ukumbi wa kujaza, na njia pekee iliyobaki ni ile ngumu ya kufupisha nguzo. Barafu VII huanza juu ya gigapaskali 2 hivi (gigapaskali moja ni takribani mara elfu kumi ya kanieneo ya hewa), na kutoka hapo masafa ya O–H yanaporomoka bila kusimama kwa makumi ya gigapaskali. Oksijeni mbili zinakaribiana hadi haidrojeni iliyo kati yao haijui tena ni ya nani. Karibu na gigapaskali 60 kwa maji ya kawaida, na juu kidogo ya hapo kwa maji mazito, haidrojeni inasimama katikati kabisa. Hiyo ndiyo barafu X, na vipimo vya infraredi vilivyochapishwa mwaka 1996 na makundi mawili tofauti ndivyo vilivyoionyesha. Hapo hakuna tena kifungo kirefu na kifungo kifupi, na kwa hakika hata kusema "molekuli ya maji" kunakosa maana, kwa kuwa kila oksijeni ina haidrojeni nne zilizo sawa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tafsiri kamili ya kanuni uliyofundishwa: ukiifuata hadi mwisho wake, mtetemo wa O–H wa molekuli hutoweka, na mtetemo wa namna nyingine huchukua nafasi yake.

Jibu la nne

Naomba nijibu swali la pili, la barafu ya amofasi, kwa kuwa limesahauliwa na mimi nalipenda kuliko yote.

Mwaka 1984 Mishima, Calvert na Whalley walichukua barafu Ih ya kawaida, wakaiweka katika silinda yenye pistoni kwenye kelvini 77, wakaibana. Mwanzoni ujazo hupungua polepole. Karibu na gigapaskali 1 pistoni huzama ghafla, kwa takribani sehemu moja ya tano ya ujazo wote. Eksirei zikipitishwa kwenye kilichotoka, hazionyeshi madoa makali ya fuwele, ila duara pana zenye ukungu. Densiti ikiwa bado chini ya kanieneo ni 1.31, na ikitolewa kanieneo kwenye baridi ileile ni 1.17. Walichagua kanieneo hiyo kwa hoja nzuri: ukiurefusha mstari wa kuyeyuka wa barafu Ih hadi kwenye kelvini 77, unafika karibu na hapo. Yaani barafu "iliyeyuka" kwa kubanwa, katika baridi ambayo molekuli hazina uwezo wa kutiririka.

Kuna jambo dogo la utendaji ambalo anayesoma mbali na maabara hulipita. Sampuli huzungushiwa karatasi nyembamba ya indiamu, metali laini isiyokakamaa hata katika baridi hiyo. Bila indiamu, barafu hung'ang'ania kuta za silinda kisha huteleza kwa kishindo, na mshtuko huo hupasha joto sehemu za sampuli kiasi cha kutokeza fuwele za barafu XII badala ya amofasi. Msuguano tu, na matokeo yanakuwa kitu kingine.

Ukiipasha joto barafu hiyo nzito bila kanieneo, ikifika karibu na kelvini 117 au juu kidogo huvimba na kuwa barafu ya amofasi nyepesi yenye densiti ya 0.94, karibu sawa na ya Ih. Ukipima kwa nyutroni, tofauti yao inaeleweka mara moja. Nyepesi ina majirani wanne waliokaa kama tetrahedroni, kisha utupu. Nzito ina wale wanne na wa tano aliyejipenyeza ndani ya ukumbi bila kifungo. Mwaka 2001 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliipasha joto ile nzito huku ikiwa imebanwa wakapata nzito zaidi, yenye densiti ya 1.26 baada ya kutolewa kanieneo, na hiyo ina majirani sita. Kwa hiyo hoja ya ukumbi inashika hata mahali pasipo na fuwele. Masafa nayo yanafuata: nyepesi iko juu kidogo ya Ih, na nzito iko juu ya nyepesi, huku bendi zote zikiwa pana kwa sababu hakuna vifungo viwili vinavyofanana.

Sasa, ni fuwele iliyosagika au ni kimiminika kilichokwama? Kwa ile nyepesi, ninaegemea upande wa kimiminika. Inapatikana kwa njia ambazo hazina uhusiano wowote na kuvunja fuwele: kwa kugandisha mvuke juu ya bamba la baridi, jambo ambalo Burton na Oliver walilieleza mwaka 1935, na kwa kurusha matone madogo mno ya maji juu ya uso wenye baridi kali yagande kabla hayajajipanga. Njia hizo zote zinaishia, baada ya kutulizwa, yaani kupashwa joto kiasi ili molekuli zikae sawa, kwenye vitu vinavyokaribiana sana kwa muundo na kwa mitetemo. Ile nzito ni ngumu zaidi kuamua. Ikitoka tu kwenye silinda, ina dalili za fuwele iliyopotea njia, na wapo wanaoitazama kama Ih iliyokwama safarini kuelekea barafu IV. Ikishatulizwa chini ya kanieneo hubadilika tabia, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2013 vilionyesha kwamba ina mpito wake wa kioo, yaani joto ambalo kigumu kisicho fuwele huanza kulegea kama kimiminika, karibu na kelvini 116, tofauti na ule wa 136 wa nyepesi. Ndiyo maana mjadala huu unafungamana na pendekezo la mwaka 1992 la Poole, Sciortino, Essmann na Stanley, kwamba maji yaliyopozwa mno yanaweza kugawanyika kuwa vimiminika viwili, kizito na chepesi.

Mwaka 2023 mambo yaliongezeka utata. Barafu Ih iliyosagwa kwa mipira ya chuma kwenye kelvini 77 ilitoa barafu ya amofasi ya densiti ya kati, 1.06, mahali ambapo wengi walidhani pana pengo. Hapo "kusagika" ni kusagika kweli. Kwa hiyo, ndugu muulizaji, sikushauri uchague jibu moja kwa barafu zote za amofasi. Uliza kila moja ilitengenezwaje na ilitulizwa kwa kiasi gani kabla ya kupimwa.

Muulizaji

Nimeelewa, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Naomba jambo la mwisho: je, kuna mtetemo mwingine ninaoweza kuutazama kuhakikisha kwamba kifungo kweli kimedhoofika, nisitegemee O–H peke yake?

Jibu la pili, tena

Upo. Tazama mtetemo wa kuyumba, ambapo molekuli nzima hujaribu kuzunguka mahali ilipo na vifungo vinairudisha. Bendi yake ni pana, na katika Ih ukingo wake wa chini uko karibu na 540 kwa sentimita. Kwa kuwa hapa kifungo ndicho kamba inayoirudisha molekuli, mwelekeo ni kinyume cha O–H: kifungo kikidhoofika, kuyumba kunashuka. Barafu ya amofasi nyepesi ina ukingo karibu na ule wa Ih, na nzito ina ukingo ulioshuka. Upime kwa nyutroni ukiweza, kwa sababu nyutroni huiona haidrojeni kuliko kitu kingine chochote ndani ya barafu, na hazina masharti yanayoficha baadhi ya mitetemo kama ilivyo kwa infraredi na Raman. O–H ikipanda na kuyumba kukashuka kwenye sampuli ileile, hutakuwa na shaka tena.